Tanuri Lililoitwa Likizo

Kipande cha jaribio kilikatika tanurini nikiwa namenya chungwa. Hakikupasuka kwa kishindo, kama watu wanavyodhani wakisikia habari za matanuri. Mstari kwenye skrini, ambao kwa wiki nyingi ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, ulidondoka ukalala chini kama kamba iliyoachiwa. Nikamaliza kumenya. Nikala pande mbili za chungwa. Nilipoinuka hatimaye kwenda kumwita Bonge, niliinuka kwa sababu vidole vilikuwa vinanata na sinki lilikuwa upande uleule.

Bonge alikuwa fundi mitambo wa maabara yetu, mtu mwembamba kama fito. Jina hilo alipewa na watu waliostaafu kabla sijaajiriwa, na sababu yake waliondoka nayo. Alitazama skrini, akanitazama mimi, akarudi kwenye skrini.

"Umegusa nini?"

"Chungwa."

"Acha utani wewe. Hiki kinakatikaje, na cha kule Jehanamu bado kinadunda?"

Swali lake lilikuwa halali. Tulikuwa na matanuri mawili. Kubwa tuliliita Jehanamu. Ukichungulia kwenye kidirisha chake uliona weupe unaoumiza macho, na kipande cha jaribio kikisimama katikati yake kama kivuli cha kijiti. Dogo, la kona ya dirishani, liliwashwa joto la kati. Usidhani lilikuwa la kuchemshia chai, mkono wako ungeungua hadi mfupa, lakini kwenye kidirisha chake hukuona kitu zaidi ya wekundu mzito kama wa kaa linalokaribia kuzimika. Hilo tuliliita Likizo, kwa sababu aliyepangiwa kulilinda alikwenda kukaa tu. Kila mmoja wetu aliamini kwamba kama kuna kipande cha kukatika, kitakatikia Jehanamu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kuna mitambo inayochoma mafuta kwa moto ambao chuma hakiuwezi, kinalegea kama nta. Mahali hapo panataka kauri. Lakini kauri ya kawaida ni kama kikombe, ikipata ufa imekwisha. Yetu ilifumwa nyuzi ndani, nyembamba kuliko unywele, na kila uzi ulivikwa ngozi laini ili uweze kuteleza. Ufa ukija unakutana na nyuzi. Nyuzi zinateleza kidogo huku zimeng'ang'ania, zinaushika ufa huku na huku kama mishono inavyoshika kitambaa kilichochanika. Sisi tulikuwa tunakivuta kipande ndani ya moto na kukiachia, kukivuta na kukiachia, mpaka kichoke. Hatukukivuta kwa nguvu ya kukivunja. Nguvu ile kipande chochote kizima kingeibeba siku yoyote bila kuguna. Katika fani yetu uchovu ndio huo: hakuna mvuto mmoja ambao unaweza kuulaumu.

Sheria ilikuwa moja. Jaribio likishaanza, hufungui tanuri, husimamishi mashine, hukipozi kipande ili ukitazame. Kukipoza na kukipasha upya ni mzigo mwingine juu ya mzigo. Kwa hiyo unakaa, unatazama mstari, unaamini kwamba ndani mambo ni shwari kwa kuwa nje ni shwari.

Likizo nilipewa mimi makusudi.

Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wa mama yangu, alikuwa amefariki. Nyumbani tulimwita Kasuku. Alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakupumzika. Alikuwa mtu wa kukuambia bei ya viatu vyake kabla hujamsalimia. Alifanya kazi ya kuchomelea vyuma katika kambi ya mgodi, mbali sana na sisi. Basi alilopanda lilipinduka njiani. Habari zilitufikia wakati mama yuko hospitali, siku chache baada ya kupasuliwa moyo, amelala na mipira puani na bandeji kuanzia chini ya koo.

Mjomba alitukusanya kwenye korido, karibu na mashine ya maji ya kunywa. Yeye ni kaka mkubwa wa mama, na katika familia yetu akishakohoa, mjadala umefungwa. Akakohoa.

"Daktari amesema asipate mshtuko. Kwa hiyo hataambiwa. Mpaka apate nguvu."

"Nguvu kiasi gani, Mjomba?" nikauliza.

"Tutajua."

Wakaenda kuzika, yeye na binamu zangu. Mimi nilibaki, kwa sababu mimi ndiye niliyeishi na mama, na nisipoonekana angeuliza. Saa ambayo walikuwa wanamshusha mdogo wangu chini mimi nilikuwa nachana nywele za mama kitandani. Alilalamika kwamba namvuta. Nikalegeza mkono.

Mkuu wa maabara tulimwita Kipimo, kwa jinsi alivyosawazisha hata sukari kwenye kijiko kwa ukingo wa kisu. Aliposikia msiba aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema nichukue likizo nikapumzike nyumbani.

"Nyumbani ndiko siwezi kukaa," nikamwambia. "Nikikaa mchana kutwa, mama atauliza kulikoni."

Akafikiri, akipanga kalamu zake zilingane. Alikuwa mtu mwema, na wema wake nao aliupima. "Basi kaa na tanuri dogo. Pale hakuna kitakachokusumbua."

Hivyo nikakaa na tanuri dogo. Asubuhi nafika, navua koti, natazama mstari. Jioni narudi kwa mama. Sikulia. Sikuwa shujaa, wala sikujizuia kwa nguvu za ajabu. Hapakuwa tu na mahali. Nyumbani sikuweza kulia kwa sababu ya mama, na kazini sikuweza kwa sababu macho yakishavimba hayatui kabla hujafika nyumbani. Mwanzoni uchungu niliuona waziwazi. Baadaye sikuuona tena. Nilikuwa nimekufa ganzi, na ukweli ni kwamba ganzi haina taabu. Unakula, unalipa nauli, unacheka Bonge akichekesha, na yote hayo unayafanya ukiwa kama hatua moja nyuma ya mgongo wako.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, uongo ukahitaji matunzo. Simu yake Mjomba aliichukua akidai anaipeleka kwa fundi. Fundi huyo angekuwa mtu wa kweli, angekuwa mvivu kuliko wote duniani. Majirani walionywa. Wageni tuliwazuia kwa jina la daktari. Kuhusu Kasuku tulisema amehamishiwa kambi mpya ndani kabisa, ambako mtandao ni wa kubahatisha, ila mara mojamoja sauti yake hupenya kwenye simu yangu.

Na kweli sauti alikuwa nazo simuni mwangu, nyingi, za nyuma. Kasuku hakupenda kuandika, alipenda kusema. Nilichagua zile zisizotaja siku wala jambo. Kila mwisho wa wiki, baada ya chai, nilimwekea mama moja. "Mama, mimi mzima, huku joto usiseme, usinifikirie sana, nikipata nafasi nakuja." Nyuma yake lori linapiga honi. Mama alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, sindano mkononi, futi ya kupimia shingoni. Sauti ikiisha anasema, "Haya." Hakuwahi kuomba kumjibu. Nilidhani ile "Haya" ni ya mtu aliyeridhika.

Mjomba alikuja mara kwa mara kumtazama kama anavyotazama ng'ombe wa kununua. Mlangoni akiondoka ananinong'oneza: "Bado kidogo." Miezi ikapita, mama akapanda ngazi bila kupumzika, akagombana na muuza maji, akarudi kushona. Alikuwa anashona koti la Kasuku, kitambaa kizito cha kahawia, kwa vipimo vya kichwani. Bado kidogo, akasema Mjomba. Nami nikakubali, kwa sababu kila siku moja ya kunyamaza haikuwa nzito hata kidogo.

Basi siku hiyo ya chungwa, Bonge alipoza tanuri, akatoa nusu mbili za kipande kwa koleo, akaziweka chini ya darubini. Kipimo akaja amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Akainama, akakaa hivyo muda mrefu mpaka Bonge akaanza kupiga mluzi.

"Njoo uone," akaniambia.

Kipande kizuri kikikatika uso wake huwa kama brashi kuukuu. Nyuzi zimechomoza, moja ndefu, moja fupi, kila moja inaonyesha iliteleza ikipigana mpaka mwisho. Huu haukuwa hivyo. Ulikuwa bapa, laini, kama sabuni iliyokatwa kwa kisu. Hakuna uzi hata mmoja uliochomoza.

"Zimegandana," alisema Kipimo. "Hazikuteleza kabisa. Hewa imeingia ndani kwa ufa mdogo ambao hata hatukuuona, ikala ile ngozi ya nyuzi, na nyuzi zikashikana na kauri zikawa kitu kimoja. Kimekuwa kikombe."

"Na kule Jehanamu hewa haiingii?" aliuliza Bonge.

"Kule moto ni mkali mpaka ngozi yenyewe inayeyuka kidogo, inakuwa kama kioo, inaziba ufa. Hapa joto linatosha kuunguza, ila halitoshi kuyeyusha. Vitabu vinasema hivyo tangu zamani. Tulijidanganya kwamba ngozi yetu mpya imelimaliza tatizo."

"Kwa hiyo tungeliongeza moto, kingeishi."

"Kingeishi." Kisha Kipimo akanigeukia, na nikaona aibu inampanda usoni taratibu. "Nami ndiye niliyekupa hili ili upumzike."

Bonge alicheka peke yake, akanyamaza peke yake.

Sipendi watu wanaookota funzo kila wanapojikwaa. Kauri ni kauri, mama yangu ni mama yangu, na hata leo mtu akianza kunifananishia maisha na vyombo namkatisha. Sikutoka mle maabara na uamuzi wowote. Nilitoka kwa sababu kipande kipya kingefungwa kesho yake na sikuwa na mstari wa kutazama. Nilikwenda nyumbani mchana kweupe siku ya kazi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ambayo sikuyahudhuria.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, lakini cherehani imefunikwa. Koti lilikuwa limekunjwa mapajani. Lilikuwa limekwisha, vifungo vyote mahali pake, kola imepigwa pasi. Sikujua limekwisha lini.

"Umefukuzwa kazi?" akauliza.

"Hapana, Mama. Kazi yenyewe ndiyo imekatika. Nitaendelea kesho."

"Haya. Kaa. Niwekee Kasuku."

Haikuwa siku yake. Nikatoa simu, nikafungua, nikaweka kidole gumba juu ya zile sauti. Kidole kikakaa palepale. Sijui kumweleza mtu vizuri jambo hili, maana sikuhisi huzuni wala woga. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba ndoo tupu kutwa nzima.

"Weka ile ya honi," alisema mama.

"Ipi?"

"Ya honi. Umeshaniwekea mara nyingi. Ile ya kikohozi siitaki, kikohozi kile ni cha mwaka juzi, ndicho nilichomtumia dawa." Alisema bila kunitazama, akilainisha kola ambayo tayari ilikuwa laini. "Mimi nimepasuliwa moyo, mwanangu, sikupasuliwa masikio."

Nikaondoa kidole kwenye simu.

"Nilimwambia anisahau," akaendelea. "Siku ile kabla ya kupasuliwa. Alisema hajapata ruhusa, hawezi kuja. Nikamwambia basi nisahau, jihesabu huna mama, nikamkatia simu. Hasira tu na woga wa kisu. Kwa hiyo mtoto akinikasirikia ana haki, na asiponipigia ana haki. Ila wewe usinitafunie maneno yake ya zamani halafu ukanilisha. Mpigie umwambie mama anaomba msamaha. Mwambie koti lake liko tayari."

Kumbe miezi yote ile. Sisi tulikuwa tunamkinga na kifo, naye alikuwa anaungua na jambo lingine kabisa, kila mwisho wa wiki, kila nilipobonyeza. Hapo nilihisi kitu. Kilikuwa kidogo na kiliuma mahali pasipojulikana, kama mguu uliolala unapoanza kuamka.

"Mama," nikasema, "Kasuku amefariki."

Nilisema kwa sauti ileile niliyomsomea Bonge namba za asubuhi. Mama akaweka mkono kifuani, juu ya kovu. Nikautazama ule mkono. Nilikuwa najua vidonge viko wapi, namba ya daktari iko wapi, na mlango wa jirani uko hatua chache tu. Mkono ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka.

"Lini?"

"Ulipokuwa hospitali."

"Alikuwa wapi?"

"Njiani. Basi lilipinduka."

"Anakwenda wapi?"

Kipande hicho ndicho Mjomba alichokikataza kuliko vyote. Mengine, alisema, ataambiwa siku ikifika. Hilo asiambiwe kamwe, litamuua. Ningeweza kusema sijui. Ulimi ulikuwa umeshazoea kazi hiyo.

Badala yake niliitafuta ile sauti moja ambayo sikuwahi kumwekea, wala mimi mwenyewe sikuwa nimeisikiliza tena. Nikabonyeza, nikaweka simu juu ya koti.

Kwanza ilisikika injini, na watu wanagombania kiti. Halafu Kasuku, karibu kabisa, anacheka: "Dada, nimepata ruhusa! Niko kwenye basi. Sasa wewe na mdomo wako, usimwambie Mama. Nataka nimkute na hasira zake hivyohivyo, zisipoe. Nitaingia wodini nimwambie, samahani, namtafuta yule mama asiye na mtoto. Usimwambie, eh? Ole wako."

Ikakatika.

Nje mtu alikuwa anakung'uta mkeka kwenye ukuta wa ngazi, nikausikia kila mpigo. Nilijiandaa kwa lolote.

"Kwa hiyo hakunikasirikia," alisema.

"Hakukukasirikia."

"Alikuwa anakuja."

"Alikuwa anakuja, Mama."

Ndipo alipolia. Sijawahi kusikia mtu analia namna ile na sitaki kusikia tena. Majirani walikuja, wa juu na wa chini, aliyekuwa na mkeka akaja nao. Mtu alimpigia Mjomba, akafika anahema, kofia imegeuka, akiuliza nani amemuua dada yake. Mama akamtazama kwa macho mekundu, akamwambia: "Keti. Unanizibia mwanga." Mjomba akaketi. Alikaa hivyo mpaka chai ikaja, na hakukohoa. Yeye ametangulia miaka mingi sasa; mama bado yupo, na vidonge vyake anavinywa kwa kelele.

Lakini jioni ile watu walipopungua, mama aliniambia nisimame. Akalikunjua koti, akanivika mwenyewe, mkono mmoja halafu mwingine. Mabegani lilinikaa sawasawa. Kwa mabega mimi na Kasuku tulikuwa mtu mmoja. Mikono ndiyo ilikuwa mirefu, vidole vyangu vyote vimezama ndani. Mama akatia pini midomoni, akapiga magoti mbele yangu, huku machozi bado yanamtoka bila yeye kuyashughulikia, akaanza kukunja ukingo wa mkono wa kulia.

"Simama wima," alisema kwa meno yaliyobana pini.

"Nimesimama."

"Usitikisike basi, nitakuchoma."

"Sitikisiki, Mama."

"Unatikisika."

Nikatazama chini. Ukingo wa koti ulikuwa unacheza mkononi mwake kama kitu kilichoshikwa na upepo, na dirisha lilikuwa limefungwa. Nilijaribu kuutuliza mkono wangu, haukutulia. Mama akatoa pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa alichokivaa mkononi. Akabaki pale chini ameushika mkono wa koti, akanisubiri.